Mume wangu anataka nimwamrishe chumbani, naogopa wataniambia nimemlisha limbwata

Anti, shikamoo.

Naandika nikiwa dukani, mchana, jua la Moshi limewafukuza wateja. Nina miaka 36, mume wangu 43. Tulifunga ndoa kanisani miaka 11 iliyopita, tuna watoto wawili, tunakaa Pasua. Mimi nauza kanga na vitenge, yeye ana gereji ya malori. Jina la gereji silisemi, mji huu ni mdogo.

Mume wangu ni mtu anayeogopwa. Ana vijana tisa pale gereji, akikohoa tu kila mmoja anashika spana. Kwenye vikao vya ukoo kule Kibosho yeye ndiye anayepanga nani achange shilingi ngapi. Mimi hajawahi kuninyanyulia mkono, hilo naliweka wazi mapema. Ila ni mwanaume wa kusema mara moja, ikapita.

Mwaka jana baada ya Pasaka, usiku, watoto wameshalala, akaniambia kuna jambo amelibeba tangu ujana. Alikuwa anatazama ukuta, mimi hakunitazama. Akasema anataka tukiwa chumbani mimi ndiye niwe mkubwa. Anataka nimwamrishe. Apige magoti, anivue viatu, anioshe miguu, asinisogelee mpaka nimempa ruhusa, na nikipenda nimfunge mikono. Anti, nilicheka. Halafu nikaona machozi yanamlenga, nikaacha.

Nikakubali. Nilidhani ni siku moja, ataridhika, yataisha. Hayakuisha.

Ninachoona aibu kukiandika ni kwamba kuna siku nilifurahia. Nimetoka Mbuyuni kuchukua mzigo, miguu imejaa vumbi, na huyu mtu ambaye mtaa mzima unampisha njia amepiga magoti kwenye zulia, anafungua kamba za raba zangu moja baada ya nyingine, anasubiri nimwambie anyanyue macho. Sijawahi kutazamwa vile tangu nizaliwe. Lakini siku nyingi haiwi hivyo. Siku nyingi nimechoka, nataka kukumbatiwa tu nilale, na yeye amekaa anasubiri amri. Nikinyamaza ananikumbusha: "Leo huniambii kitu?" Basi najikuta natunga amri kama mwalimu aliyeingia darasani bila kuandaa somo.

Kilichonifanya nikuandikie ni mambo ya miezi hii. Januari fundo la kanga lilimbana, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikafa ganzi mpaka asubuhi. Jumapili akaenda ibadani na shati la mikono mirefu kwa joto lile, kuficha alama. Mimi niko kwaya, nilisimama mbele nikamwona anavuta vuta kifungo cha mkono, sauti ikanikauka.

Kisha mdogo wake akaja kutoka Arusha kututembelea. Tuko mezani tunakula, nikasema, "Nyanyuka ulete maji." Sikukusudia, Anti, ila sauti iliyotoka ni ile ya chumbani. Na mume wangu akanyanyuka papo hapo, kama askari. Alipofika mlangoni ndipo akashtuka. Shemeji alituangalia, akaangalia sahani yake. Siku mbili mume wangu hakunisemesha. Wiki haijaisha, mama mkwe akapiga simu: "Mwanangu, umempa nini huyu?" Nikajua neno limeshafika Kibosho. Limbwata. Watasema nimemlisha limbwata.

Na sasa anataka jambo jingine. Anataka nimzungushie kanga shingoni nikaze, kidogo tu, eti ameona kwenye simu watu wanafanya na hawadhuriki. Nimekataa mara tatu. Mara ya tatu akanigeuzia mgongo akasema, "Basi hunipendi."

Kwenye kicheni pati yangu nilikalishwa mkekani nikafundishwa mke mwema ni mke mtiifu. Hakuna aliyenifundisha la kufanya mume akiomba yeye ndiye atii. Je, mume wangu anaumwa? Amerogwa? Niendelee au nikatae? Nimpelekee mchungaji suala hili? Na mimi niliyefurahia, ni mwanamke wa namna gani?

Mama wa Pasua, Moshi

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mzigo, na ahsante kwa kuniamini nao.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Mara ya mwisho niliisoma nikitafuta neno moja. "Anataka" nimelikuta kila mahali: anataka uwe mkubwa, anataka umwamrishe, anataka umkaze shingo. "Nataka" nimelikuta mara moja tu. "Nataka kukumbatiwa tu nilale." Naomba tulishike hilo neno lako moja, kwa sababu naona ndilo lililozama chini ya maswali yako yote.

Kwanza nikutoe hofu ya ugonjwa. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ulaya, mashuhuri wao akiwa Richard von Krafft-Ebing, waliiandika tamaa ya kutawala na kutawaliwa kwenye orodha ya maradhi ya akili, na fikra hiyo ikakaa zaidi ya miaka mia. Wenzao wa leo wameiacha. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 unatenganisha kuwa na tamaa isiyo ya kawaida na kuwa mgonjwa: huitwi mgonjwa mpaka jambo lenyewe likutese, au limdhuru mtu, au lifanywe kwa asiyeridhia. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeyaondoa mambo ya namna hii pale yanapokuwa kati ya watu wazima walioridhiana. Kwa hiyo mwanaume anayeamrisha vijana tisa mchana kutwa, na mzigo wa ukoo mzima juu yake, akatamani saa moja kwa siku mtu mwingine ashike usukani, kwa hilo peke yake haumwi. Wapo wengi. Wengi wao huingia nalo kaburini. Wako alikwambia, ingawa ilibidi auangalie ukuta.

Kuhusu kurogwa, jiulize hivi. Limbwata tunalolisikia mitaani mtu hutiliwa kwenye chakula bila kujua, akaamka bwege. Mumeo amekuomba kwa mdomo wake mwenyewe, machozi yakimlenga, jambo alilolibeba kabla hata hajakujua wewe. Sioni ulipompa kitu. Mama mkwe hadai maelezo ya chumbani kwenu, hata kama sauti yake kwenye simu imekufanya uone anadai. "Mama, tuko salama, alikuwa amechoka" inatosha, na si uongo. Mji wetu huu mwanaume akionekana anafua nguo za mtoto tu, tayari limbwata. Ukiishi kwa kuliogopa neno hilo hutaishi.

Sasa nije kwako. Kicheni pati ilikufundisha utii, na mimi naona hujauacha bado. Uliambiwa "niamrishe", ukatii. Unaambiwa "leo huniambii kitu?", unatunga amri hali macho yanafumba. Anayepiga magoti ni yeye, lakini siku nyingi anayeongoza ni yeye pia. Simsemi vibaya, huenda hajaliona kabisa, kwa sababu mtu aliyenyimwa kitu miaka ishirini akikipata hula bila kumtazama aliyempakulia. Lakini kuridhia kunatakiwa kwa pande zote mbili. Watu huwaza kwamba anayefungwa mikono ndiye wa kulindwa, anayefunga yuko salama. Si kweli. Anayeamrisha naye huchoka, huogopa, hujuta, na ana haki ileile ya kusema leo hapana, au kamwe, bila kununiwa. "Basi hunipendi" ni maneno mazito kumwambia mtu aliyekukatalia kukukaba shingo.

Na hapo kwenye shingo nitasema kwa ukali wa dada mkubwa, maana nyingine zote ni za kujadiliana, hii siyo. Ulikataa mara tatu, kataa na ya nne. Pembeni mwa shingo inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na haihitaji nguvu nyingi kuibana. Mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kama 10, mara nyingi bila dalili ya kukuonya, na dakika chache bila oksijeni zinatosha kuharibu ubongo au kuua. Mshipa unaweza kuchanika ndani kwa ndani, kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Hakuna "kidogo tu" iliyo salama, na video haikuonyeshi aliyeamka asubuhi mdomo umepinda. Kama mlishawahi kujaribu na usiniambie, akipata sauti ya kukwaruza, maumivu ya kumeza, kuumwa kichwa kusikoisha au udhaifu wa upande mmoja, ni hospitali siku hiyohiyo, aibu iwekwe kando.

Ganzi ile ya Januari nayo usiipuuze. Pale kwenye kifundo cha mkono mishipa ya fahamu iko karibu na ngozi, na kitambaa laini kama kanga hudanganya: kadiri mtu anavyovuta, fundo linajikaza. Mkiamua kuendelea, paache nafasi ya vidole viwili kati ya kitambaa na ngozi, mkasi uwe mkononi pako, na vidole vikianza kuwa vya baridi au kubadilika rangi unafungua papo hapo, husubiri. Aliyefungwa haachwi peke yake hata kwa kwenda kumwangalia mtoto. Na usiku wa bia au mbege si usiku wa mambo haya. Vidole vyake kama bado vina ganzi au vimelegea, amwone daktari, aseme mkono ulibanwa. Ni kweli.

Wanaoishi na jambo hili bila kuumizana wana desturi moja ambayo naona itawafaa: neno la breki. Mnachagua neno ambalo haliwezi kutokea kitandani kwa bahati mbaya. "Himo", kwa mfano. Yeyote kati yenu akilitamka, kila kitu kinasimama hapohapo, hakuna kuulizana kwa nini, hakuna kununa. Narudia, yeyote. Wewe pia. Wengine hutumia rangi za taa za barabarani: njano punguza, nyekundu simama. Mume wa gereji hutahitaji kumfafanulia umuhimu wa breki.

Lile la mezani mbele ya shemeji lilinigusa zaidi, na nadhani ndilo lililomuumiza mumeo kuliko fundo. Alikupa kitu kimoja cha siri sana, na kikatoka nje bila yeye kukubali. Hukukusudia, najua, na yeye mwenyewe alinyanyuka kabla hajafikiri. Wote wawili mliteleza kwa sababu hamna mpaka unaoonekana. Siku mbili za kimya huenda zilikuwa za aibu zaidi kuliko hasira. Je, ulimuuliza, au mlizipita tu? Kama mtaendelea, tafuteni alama ya kuanzia na ya kumalizia. Wewe ni muuza kanga, iwe kanga moja, hiyo peke yake. Ikitolewa sandukuni mmeanza. Ikikunjwa na kurudishwa, yeye ni baba watoto, wewe ni mama watoto, na maji ya kunywa anayaleta aliye karibu na jikoni. Baada ya kukunjwa msigeuziane migongo. Hapo ndipo pa kukumbatiana, kupeana maji, kuulizana "uko sawa?" Mdogo wangu, kule kukumbatiwa unakokutamani kumbe kuna nafasi yake ndani ya jambo hilihili, ila hakuna aliyekwambia.

Unaniuliza uendelee au ukatae, na hilo sitakuamulia, kwa sababu ukitii amri yangu tutakuwa tumerudi palepale. Ukiacha kabisa una haki, na huhitaji sababu zaidi ya "sipendi". Hatari yake ni kwamba yeye aliyefungua kifua mara moja tu maishani anaweza kukifunga moja kwa moja, na mengine yafungwe humo. Kwa hiyo ukikataa, kataa jambo, usimkatae mtu. Ukiendelea kama mlivyo, naogopa kile kicheko cha kwanza kitageuka chuki, polepole, bila wewe kujua kilianza lini. Katikati yake kuna nafasi pana: mara moja kwa mwezi, siku unayoichagua wewe, yale uliyoyafurahia yabaki na yanayokuchosha yatoke. Ulifurahia kuvuliwa raba na kutazamwa. Huenda hilo ndilo lako, na kamba na mafundo ni yake. Je, umewahi kumwambia ni kipi?

Na hapo nimelijibu swali lako la mwisho. Mwanamke anayebeba mzigo wa duka, kwaya, watoto na wakwe, akafurahi mtu kupiga magoti kumvua viatu vya vumbi, ni mwanamke wa kawaida. Sioni cha kutubu kwenye kutazamwa na mumeo kwa macho yale. Kama dhamiri yako bado inakusumbua mbele za Mungu, hilo ni lako na nalipa heshima yake. Ila kuhusu mchungaji, kumbuka siri hii ni ya watu wawili. Usimpeleke mumeo bila yeye kujua, na pimeni kama mchungaji wenu ni mtu wa kusikiliza au ni mtu wa kuhubiri Jumapili ijayo kwa mafumbo yanayoeleweka na wote. Mwanasaikolojia au mshauri nasaha katika hospitali kubwa ana wajibu wa kutunza siri, na mnaweza kwenda Arusha kama Moshi mnaona ni karibu mno.

Mambo mawili ya haraka. Picha na video, hapana, hata kama ni kwa simu yenu wenyewe. Simu huibiwa, hupelekwa kwa fundi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa picha za ngono zinazosambazwa. La pili nalisema kwa ajili ya wasomaji wengine, maana napata barua za wanawake wanaopigwa, na mpigaji anaita "mchezo wetu". Mchezo ambao mmoja hawezi kuusimamisha ni kipigo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata mila ikisema vinginevyo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo.

Nakuomba usianze mazungumzo haya kitandani, wala siku ambayo ameomba. Mumeo alikwambia siri yake akiangalia ukuta. Ni mtu ambaye macho kwa macho yanamzidi. Basi siku mnapanda Kibosho, watoto wamebaki, yeye kashika usukani, wote mnatazama mbele, migombani kumetulia, muulize: "Ukipiga magoti, unapumzika na nini?" Mwache ajibu mpaka amalize, hata kama mtafika getini kwa mama kabla hajamaliza. Wakati wa kurudi iwe zamu yako. Mwambie kuhusu raba, kuhusu Jumapili ile kwaya, kuhusu shingo na kwa nini hapana ni hapana. Mwambie na zile siku ulizotunga amri macho yanafumba.

Na mkirudi usiku, kama umechoka, mwambie umechoka, akukumbatie ulale.